Nguo Inapoishia

Majira ya baridi katika uwanda wa juu wa Ufipa, yanayokolea mwezi Juni na Julai wakati upepo unapovuka mashamba yaliyokwisha kuvunwa bila kukuta mti wa kuuzuia, huwafanya watu wa Sumbawanga wajifunike zaidi kuliko watu wa miji mingi ya Tanzania. Mabega ya mji huo, ulioko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hubeba kwa miezi kadhaa nguo za kila namna zisizopitia kwa fundi cherehani: mitandio mizito iliyotoka katika marobota ya mitumba, shuka za mistari, mablanketi mepesi yaliyokunjwa mara mbili, vikoi vilivyosafiri kutoka pwani. Nyingi kati ya nguo hizo zina matamvua, yaani nyuzi zinazoning'inia kwenye ncha mbili za kitambaa, nyingine zikiwa zimeachwa huru, nyingine zimesokotwa mbili-mbili, nyingine zimefungwa vifundo kwa safu. Macho huyapita matamvua haraka, kwa kuwa macho hutafuta rangi na nakshi, nazo zimo katikati ya nguo. Lakini vidole huyarudia. Mtu anayengoja zamu yake hospitalini, bibi anayesikiliza mahubiri marefu, kijana anayetafuta neno la kumwambia mkwewe, wote vidole vyao huteremka polepole hadi kwenye ncha ya nguo na kuanza kusokota uzi mmoja, kuufumua, na kuusokota tena. Yaelekea mkono hukumbuka jambo ambalo macho yamelisahau, kwamba pale ndipo nguo ilipoachwa na mtu aliyeifuma.

Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za aina mbili. Mtande ni nyuzi zinazotangulia, zile zinazonyooshwa na kukazwa kati ya miti miwili ya kitanda cha mfumi kabla kazi yenyewe haijaanza; mshindio ni uzi unaopita kukingama, juu ya mtande mmoja na chini ya mwingine, ukifika ukingoni ukigeuka na kurudi ulikotoka. Kwa sababu ya kugeuka huko, kingo mbili za ubavuni hujifunga zenyewe, wala hazihitaji msaada wa mtu. Ncha mbili zilizobaki, ile ya mwanzo na ile ya mwisho, haziko hivyo. Mfumi anapoukaribia mti wa mwisho, nafasi ya kuzitenganisha nyuzi hupungua, mkono hukosa pa kupita, na kipande cha mtande hubaki wazi, kisichofumika kwa ustadi wowote ule. Nguo ikikatwa kutoka kitandani, kipande hicho huning'inia, na uzi wa mwisho wa mshindio huwa hauna kitu cha kuuzuia usiteleze. Ukiteleza huo, utafuata wa pili, kisha wa tatu, kwa ile njia ya bandu bandu huisha gogo. Ndiyo sababu mfumi huzishika nyuzi zilizobaki, huzikusanya nne-nne au sita-sita, na kuzifunga. Anayeona kifundo hicho na kukiita pambo hakosei, ila ameitazama kazi baada ya kukamilika. Kifundo kilikuwa kufuli kwanza, na ni baada ya mkono kulazimika kufunga ndipo ulipojiuliza iwapo unaweza kufunga kwa namna inayopendeza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga, na matamvua ni ufa uliozibwa kwa uzuri kiasi kwamba watu wakasahau kuwa palikuwa na ufa.

Jambo hili lina uzito wa pekee Ufipa, kwa sababu Ufipa ya karne ya 19 ilikuwa nchi ya wafumi. Pamba haikuipenda baridi ya uwanda wa juu. Ilistawi chini, katika joto la bonde la Rukwa na kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na ilikuwa katika nchi hizo mbili za chini, zinazoufunga uwanda mashariki na magharibi, ambamo nyuzi zilisokotwa kwa mkono na kutandazwa katika vitanda vya kufumia vilivyolala karibu na ardhi, miti yake ikiwa imefungwa kwenye vigingi. Kazi ya kufuma ilikuwa ya wanaume. Kitambaa kilichotoka humo kilikuwa kizito na cheupe, mara nyingi chenye mistari myeusi, kikawa maarufu nje ya mipaka ya Wafipa wenyewe. David Livingstone, katika safari yake ya mwisho, alipita mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika mwaka 1872 na kuishuhudia pamba hiyo vijijini. Joseph Thomson alipita Ufipa mwaka 1880, akaona wafumi kazini, na alipofika kwenye genge la mashariki akalitazama Ziwa Rukwa kwa mbali na kulipa jina la mfalme wa Ubelgiji, jina ambalo halikudumu. Kwa vitanda vya aina ile, ncha za mtande hazikuwa jambo la hiari. Kila nguo iliyovuka genge hilo, Lyamba lya Mfipa, kichwani mwa mchukuzi ilikuwa na mwanzo na mwisho ulioonekana kwa macho, na mnunuzi aliyeikunjua angeweza kujua kwa kutazama ncha tu kama imekamilika au imekatwa kutoka kwenye nguo kubwa zaidi.

Inafaa kuiweka kazi hii kando ya kazi nyingine iliyowapa Wafipa sifa, yaani uhunzi wa chuma. Matanuri marefu ya udongo, yaliyojengwa kama minara ili hewa ijivute yenyewe bila mifuo, bado yanaonekana magofu yake hapa na pale katika uwanda, na chuma kilichotoka humo kilisafishwa mara ya pili katika tanuri dogo kabla hakijawa jembe. Jembe na nguo ni vitu vinavyokutana mwishoni mwao: jembe humalizika kwa kunolewa ncha, nguo humalizika kwa kufungwa ncha, na fundi wa kweli katika kazi zote mbili alipimwa kwa kile alichokifanya pembeni, kwa kuwa katikati ya kitu chochote ni kazi ya kurudia, na mazoea hutosha kuibeba.

Si kila kazi ya mkono huishia kwa nyuzi zilizo wazi. Mkeka, ambao hutokana na ukili, yaani ule utepe mrefu wa miyaa iliyosukwa na kisha kushonwa duara kwa duara, hukunja ukingo wake ndani na kuuficha; msusi wa mkeka huiona ncha iliyojitokeza kama aibu, alama ya kazi iliyoachwa njiani. Zulia lina desturi tofauti kabisa. Mazulia ya vifundo ya Uajemi na Uturuki, yale yaliyofika mabarazani na misikitini kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, huacha mtande wake uonekane kwenye ncha zote mbili, na mjuzi wa mazulia huanza uchunguzi wake hapo: akikuta matamvua yanaendelea moja kwa moja na mwili wa zulia, hujua kuwa ni nyuzi zilezile zinazobeba vifundo, akikuta yameshonewa juu baadaye, hujua kuwa zulia limetoka katika kiwanda, au limetengenezwa upya baada ya ncha zake kulika. Hivyo mkeka huficha mwisho wake na zulia huuonyesha, na pengine tofauti hiyo yatokana na jambo dogo tu, kwamba ukindu uliokatwa huchoma nyayo ilhali uzi hauchomi. Wakati mwingine falsafa nzima ya ukingo huamuliwa na ngozi ya mguu.

Pwani ya Waswahili, ambako nguo za Ufipa hazikufika kwa wingi lakini ambako mawazo kuhusu nguo yalikomaa mapema, ina historia ndefu ya mikono iliyojua kufumua kama ilivyojua kufuma. Vigurudumu vya kusokotea nyuzi vilivyochongwa kutokana na vigae vimefukuliwa kwa wingi Kilwa. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alitaja nguo za mji huo zilizouzwa hadi Misri. Habari inayogusa zaidi ni ya Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16 kwamba Waislamu wa Sofala walifuma nguo nyeupe za pamba, na kwa kuwa hawakuwa na rangi za kutia nyuzi zao, walichukua vitambaa vya buluu vilivyoletwa kutoka Cambay huko Gujarati, wakavifumua uzi baada ya uzi, kisha wakazifuma upya nyuzi hizo pamoja na nyeupe zao. Yafaa kutulia juu ya picha hiyo. Kitambaa kilichokwisha kukamilika, kilichovuka bahari kwa msimu mzima wa kaskazi, kinarudishwa kwenye hali ya uzi. Bidhaa ya mwisho ya mfumi wa Gujarati inakuwa malighafi ya mwanzo ya mfumi wa Sofala. Na mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja tu, nao ni ule ukingo ambako mfumi wa kwanza alifunga kifundo chake. Kinachofungwa na binadamu hufunguliwa na binadamu, na pambo lililowekwa kuzuia kufumuka ndilo linalomwonyesha mwingine pa kuanzia kufumua.

Desturi hiyo ya kuingilia nguo ya mgeni kwa ukingo wake iliendelea. Katika miji ya pwani mafundi walifuma taraza, yaani utepe mwembamba wa nakshi, mara nyingi wa hariri, wakauunganisha kwenye ncha za vilemba, vikoi na nguo zilizoletwa kutoka nje, na nguo iliyokuwa ya kila mtu ikawa ya mtu fulani. Katikati ilibaki ya Muscat au ya Kutch. Pembeni palikuwa pa Zanzibar au Lamu. Wafanyabiashara wa bara walilijua somo hili kwa gharama: msafara wa Thomson ulipojiandaa kuingia nchi ya Wamasai mwaka 1883, ulikaa Taveta ili shanga zitungwe upya na vitambaa vitengenezwe upya kwa mtindo uliokubalika huko, kwa maana nguo nzuri isiyo na umbo lililozoeleka haikununua hata mbuzi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, husema methali, na watu wa zamani walielewa kwamba njia mojawapo ya kuiondoa nguo katika hali ya kuazimwa ni kuibadilishia ukingo.

Kisha ikaja merikani. Kitambaa hiki cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa kwa mashine katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na meli za Salem, kilishika soko la Afrika Mashariki baada ya Marekani na Sultani Sayyid Said kufunga mkataba wa biashara mwaka 1833, na ingawa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilivuruga uagizaji wake na kuwapa nafasi wenye viwanda wa Bombay, jina lilibaki na likafika kila mahali misafara ilipofika. Merikani ilikuja katika jora, yaani kitambaa kirefu kilichovingirishwa, nayo ilipimwa kwa mkono na kuchanwa. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kuliko ile ya bei. Nguo ya Mfipa ilizaliwa ikiwa na ukubwa wake, na mwisho wake uliamuliwa siku mtande ulipotandazwa. Jora halina mwisho wake lenyewe, linaishia popote muuzaji atakapoweka kidole. Ncha ya merikani iliyochanwa nayo hutoa nyuzi, bila shaka, lakini nyuzi hizo ni vumbi la duka. Hakuna aliyekusudia ziwe pale.

Ufumaji wa Ufipa na Rukwa haukufa siku moja. Ulipungua kwa miongo kadhaa, ukibanwa na mambo yaliyokuja kwa pamoja: nguo za bei nafuu, kodi ya nyumba iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1898 na kuwalazimisha wanaume kutafuta fedha taslimu, safari za vibarua kwenda mashamba ya mkonge ya mbali, na mikono ya vijana iliyoondoka kabla haijafundishwa. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960 na kuandika kitabu kiitwacho A State in the Making kilichotoka mwaka 1981, alilazimika kuyaandika mengi ya mambo hayo kama historia. Mwaka 1968, wakati kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, nchi iliyokuwa na wafumi katika bonde la Rukwa ilikuwa ikijifunza kufuma upya kwa mitambo, na vitenge na khanga vilivyotoka humo vilikuwa na ukingo wa aina nyingine. Khanga ina pindo, yaani fremu ya nakshi inayozunguka mji wake pande zote nne, na pindo hilo limechapwa. Ni mwisho uliochorwa juu ya kitambaa ambacho chenyewe hakina habari ya mwisho. Wanawake hununua khanga mbili zilizoungana, kisha huzikata na kukunga pindo nyumbani. Hata leo, sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje kabla haijasokotwa, na yule bibi wa Sumbawanga anayesokota matamvua ya mtandio wake kanisani huenda anachezea pamba, au plastiki inayoigiza pamba, ambayo imezunguka nusu ya dunia na kurudi ikiwa imeshavaliwa na mtu mwingine. Hakuna haja ya kulilia jambo hilo kupita kiasi: mtandio wa mtumba unakinga baridi, na bei yake haimnyimi mtu chakula cha usiku. Lakini ni haki kusema kwamba kuna ujuzi uliotoweka katika uwanda huu, na kwamba ujuzi huo ulikuwa, kwa sehemu yake kubwa, ujuzi wa kujua namna ya kumaliza.

Ufipa ya leo ni nchi ya Wakatoliki wengi, na matamvua yameingia tena kwa mlango wa kanisa. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama Mapadre Weupe, walipokea kituo cha Karema kwenye mwambao wa Tanganyika mwaka 1885, na kutoka huko kazi yao ikapanda uwandani. Pamoja na shule na mbegu walileta stola, yaani ule utepe mrefu ambao padre huuvaa shingoni, na ncha zake mara nyingi zina matamvua ya dhahabu. Katika maandamano ya Ekaristi hubebwa pia mwavuli wa kitambaa wenye matamvua pande zote, na vyama vya kitume huandamana na bendera zao zilizoshonewa nyuzi za manjano zinazong'aa. Chimbuko la desturi hii ni la kale kuliko kanisa lenyewe. Kitabu cha Hesabu, katika sura ya 15, kinawaagiza Waisraeli watie vishada katika ncha za mavazi yao pamoja na uzi wa rangi ya buluu, ili wakivitazama wazikumbuke amri; na katika Injili yumo mwanamke aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 12, ambaye hakuthubutu kusimama mbele ya Yesu, akaja kwa nyuma na kugusa pindo la vazi lake. Wasomaji wengi huuona unyonge katika tendo hilo. Lakini wazo la kale lililoko nyuma yake ni kwamba ncha ya vazi ni mtu mwenyewe alipofika mwisho wake, mahali anapoweza kufikiwa na asiyeruhusiwa kumkaribia. Mwanamke yule alijua alichokuwa akikishika.

Kuna ukingo mwingine unaostahili kuzingatiwa Ufipa, nao ni wa kisiasa. Masimulizi ya Wafipa yanaeleza kwamba ufalme wa kwanza ulikuwa Milansi, chini ya mlima Itweelele, na kwamba baadaye walikuja wanawake wageni kutoka mbali, wakafika mfalme akiwa ameondoka kuwinda, wakakikalia kiti chake, na uzao wao, nasaba ya Watwa, ukawa watawala wa nchi nzima, ambayo hatimaye iligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Milansi haikufutwa. Ilibaki kijiji kidogo chenye heshima ya ukongwe, kikitambuliwa kuwa kilitangulia. Mtu anayeisoma habari hiyo akiwa na matamvua akilini atauona mpangilio unaofanana: watawala wapya ni mshindio, wanaopita na kurudi, wanaoijaza nguo na kuipa rangi; Milansi ni mtande, uzi uliokuwepo kabla, unaofunikwa katikati ya nguo kiasi cha kutoonekana, kisha ukajitokeza tena ukingoni, mtupu, bila rangi, ukionyesha kwamba ndio uliobeba kila kitu. Mlinganisho huu una kasoro yake, kwa sababu historia haina kitanda wala mfumi mmoja, na wageni wale hawakuja kujaza nguo ya mtu. Hata hivyo unaeleza kwa nini watu walioshinda waliona busara kutokata kile kilichobaki kikining'inia.

Serikali za baadaye hazikuwa na subira hiyo kwa pembezoni. Mkoa wa Rukwa, ulioundwa mwaka 1974, umepakana na Zambia kwa ardhi na Kongo kwa maji, na kwa miaka mingi ulitajwa katika ofisi za Dar es Salaam kama mahali pa mbali ambako mtumishi hupelekwa kwa adhabu. Lami kati ya Tunduma na Sumbawanga ilijengwa baada ya 2008 kwa fedha za shirika la Millennium Challenge la serikali ya Marekani, jambo ambalo mtu mwenye kumbukumbu ya merikani atalipokea kwa tabasamu. Lakini ukingo wa ramani si ukingo wa maisha. Kwa mvuvi wa Kirando, Kongo ni ng'ambo inayoonekana siku ya hewa safi. Kwa mfanyabiashara wa Matai, mahindi yana wateja pande mbili za mpaka. Wote wawili wanaishi mahali ambapo nchi imefungwa kifundo na bado nyuzi zinapita.

Hapa ndipo bendera inapoingia, kwa maana bendera ni nguo ambayo kazi yake pekee ni kuwakilisha mipaka. Zipo bendera za namna mbili. Ile ya ndani, inayosimama nyuma ya meza ya mkubwa au kubebwa kwenye gwaride, mara nyingi huzungushiwa matamvua ya dhahabu, nayo hayana kazi ya kuzuia chochote, kwa kuwa bendera hiyo imekungwa kwa cherehani pande zote. Ni kifundo kisicho na ufa. Nchini Marekani matamvua ya namna hiyo yalizua mjadala hadi Mwanasheria Mkuu akatoa maoni mwaka 1925 kwamba si sehemu ya bendera wala hayaibadilishi, ni nyongeza ya mapambo tu. Miongo mingi baadaye wakatokea washitakiwa wanaodai kwamba mahakama yenye bendera ya matamvua ni mahakama ya kijeshi ya baharini isiyo na mamlaka juu yao, dai ambalo majaji hulitupilia mbali kila linapoletwa. Ni kichekesho, lakini chenye chembe ya akili: watu hao wamehisi kwamba ukingo wa nguo ya dola unapaswa kuwa na maana, na wameshindwa kuamini kwamba uliwekwa pale kwa kupendeza tu.

Bendera ya pili ni ile ya nje, ya ofisi ya kata au shule ya msingi, inayopandishwa kila asubuhi juu ya mlingoti wa mti wa mkaratusi katika uwanda usio na kizuizi. Hiyo haijashonewa matamvua, lakini upepo wa Ufipa huitengenezea. Kwanza pindo la upande wa mbali na mlingoti hulegea, kisha nyuzi hujitokeza moja moja, na baada ya majira machache ncha nzima huwa inapeperuka kwa nyuzi ndefu zisizo na kifundo, kijani na buluu na nyeusi zikichanganyika. Ukiona vyaelea vimeundwa. Na ukiona vyachakaa, vimetumika. Kati ya bendera hizi mbili, ile iliyochakaa ndiyo iliyofanya kazi, ijapokuwa ndiyo inayomtia aibu mtendaji siku mgeni wa wilaya anapotarajiwa.

Mtendaji mwenye bajeti ataagiza mpya. Asiye nayo ataipeleka kwa fundi cherehani, ambaye atakata sehemu iliyofumuka na kukunga pindo upya, na bendera itarudi mlingotini ikiwa fupi kwa upana wa kiganja. Bendera ya Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 1964, haivumilii mkato huo kimya kimya, kwa sababu ule mkanda mweusi wenye mistari ya dhahabu hupita mshazari kutoka kona ya chini karibu na mlingoti hadi kona ya juu ya mbali, na bendera ikifupishwa, mkanda haufiki tena kwenye kona yake. Huishia ubavuni, chini kidogo, na kijani cha juu hujitwalia nafasi iliyobaki. Rangi inayopungua ni buluu, ambayo ni rangi ya maji, na katika mkoa ambao Ziwa Rukwa, lisilo na mto wa kutoka, husogeza ufuo wake mbele na nyuma kwa kadiri ya mvua hadi mashamba ya msimu mmoja kuwa maji ya msimu mwingine, hakuna anayemlaumu fundi kwa upungufu huo. Hulipwa gharama yake ya uzi, na bendera hupandishwa.